Seli ikijigawa, mbona haibaki nusu?

Swali: "Mwanangu wa miaka tisa aliniuliza kama tunakua kwa sababu seli zetu zinanenepa au kwa sababu zinaongezeka. Nikamjibu kwamba zinajigawa: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, 'Lakini ukikata kitu katikati unapata nusu mbili. Mbona seli hazijawa ndogo mpaka zikaisha? Na nani anaziambia ziache?' Nilikwama. Naomba jibu, na usinifiche mambo magumu. Nitamchambulia mwenyewe."

Ndugu yangu, kabla hujampa mwanao jibu, mpe hongera. Nimefundisha somo hili miaka mingi. Wanafunzi wanaokariri hatua za mgawanyiko kwa majina yake ninawapata kila mwaka, lakini anayeuliza mbona seli hazibaki nusu simpati mara nyingi. Ameuliza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni la hesabu: kitu kinachokatwa katikati kila mara kitaishia wapi? La pili ni la amri: nani anaruhusu na nani anazuia? Kwangu mimi la pili ndilo lenye utamu, ila haliingii akilini kabla ya la kwanza.

Tuanze na hesabu. Kuna kipindi kimoja maishani ambapo hoja ya mwanao ni sahihi kabisa, nacho ni siku zetu za mwanzo. Yai la binadamu lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa seli, hilo ni jitu. Mwenye macho mazuri anaweza kuliona kama nukta bila hadubini. Likisharutubishwa hukaa karibu siku nzima, kisha linajigawa. Zinakuwa mbili, zinakuwa nne, na kufikia siku ya tatu kwa kawaida huwa kama nane. Muda wote huo halikui hata chembe. Gamba laini lililolizunguka lina upana ule ule wa siku ya kwanza, na seli zilizomo zinazidi kuwa ndogo kila zinapojigawa, kama chumba kinachogawanywa kwa mapazia. Hilo linawezekana kwa sababu yai lilikuwa limesheheni akiba tangu likiwa kwenye ovari: protini, mitokondria (vinu vya nishati vya seli), na maagizo ya kazi yaliyoandaliwa mapema.

Akiba hiyo haidumu. Kufikia siku ya tano hivi, kiinitete kina seli kama mia moja. Hapo kinatoka kwenye gamba lake, kinajipachika kwenye mji wa mimba na kuanza kupokea chakula cha mama. Kuanzia hapo sheria inabadilika: seli ikitaka kujigawa, kwanza ikue mara mbili. Nusu ya mbili ni moja. Hilo ndilo jibu la hesabu, na mtoto wa miaka tisa atalielewa.

Ila usimwache hapo, kwa sababu "kukua mara mbili" si kuvimba tu. Seli inatakiwa itengeneze utando mwingine wa kutosha kuzunguka mwili wa pili. Inatakiwa iongeze mitokondria zake na ribosomu, vile vijiwanda vinavyounda protini, ambavyo seli moja ya binadamu huwa navyo kwa mamilioni. Juu ya yote hayo inatakiwa inakili DNA yake yote, yaani maandishi ya maagizo yake, herufi kwa herufi. Ukiotesha seli za binadamu maabara, mzunguko mzima kutoka mgawanyiko hadi mgawanyiko unaofuata huchukua kama saa 24 kwa aina nyingi. Katika saa hizo, tendo lenyewe la kujigawa, lile linalojaza michoro vitabuni, ni takriban saa moja tu. Zilizobaki ni za kujenga, kunakili na kukagua.

Kunakili peke yake huchukua kama saa nane. Ndani ya kila kiini kuna kromosomu 46, na ukizinyoosha nyuzi zake na kuziunganisha unapata kama mita mbili za DNA, zimekunjwa ndani ya kitu ambacho upana wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita. Mashine ya kunakili, ambayo ni kundi la vimeng'enya, inakwenda kwa kasi ya kama herufi 50 kwa sekunde. Kromosomu yetu ndefu kuliko zote ina herufi milioni 250 hivi. Mashine moja ikianzia ncha moja ingefika ncha ya pili baada ya karibu miezi miwili! Kwa hiyo seli inaanza kunakili kwenye maelfu ya sehemu kwa wakati mmoja, na kila sehemu inapewa kibali cha kutumika mara moja tu kwa mzunguko, ili pasiwe na kipande kilichonakiliwa mara mbili. Baada ya ukaguzi na marekebisho, kosa linalobaki ni kama moja katika kila herufi bilioni moja. Mimi mwenyewe nikinakili ukurasa mmoja sikosi makosa matatu.

Sasa ile saa moja. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa kazi ya kukesha na hadubini nikifuatilia seli zilizooteshwa kwenye kisahani, na nilichokiona usiku ule kilinibadilisha mawazo kuliko kitabu chochote. Seli iliyotulia imejitandaza chini ya kisahani kama tone la nta lililodondokea mezani. Inapokaribia kujigawa inaachia sakafu, inajikunja na kuwa duara, inang'aa ukingoni. Ndani, kromosomu ambazo zilikuwa zimetawanyika kama uzi uliofumuka zinajikaza na kuwa vijiti vifupi vinene. Kila kijiti kwa kweli ni vijiti viwili pacha vilivyoshikana kiunoni. Kuta za kiini zinayeyuka. Kutoka pande mbili za seli zinatoka nyuzi ndefu, zinapapasa, zinakamata kromosomu, zinazivuta huku na huko mpaka zote zinajipanga mstari mmoja katikati.

Usiku ule kromosomu moja ilikuwa imeachwa pembeni. Nyingine zote zilikuwa tayari kwenye mstari. Nilidhani seli itaendelea tu. Haikuendelea. Ilisubiri. Ile moja ilivutwa, ikakwama, ikavutwa tena, na nikaangalia saa: zaidi ya dakika ishirini, seli nzima imesimama kwa ajili ya kromosomu moja. Ilipofika mstarini, baada ya muda mfupi pacha zote ziliachana kwa pamoja, kama zimesikia mluzi, kila upande ukavutwa kwenye ncha yake. Kisha kiuno cha seli kikaanza kubanwa. Chini ya utando kuna mkanda wa protini zile zile zinazokunja misuli yetu, nao unakazwa kama kamba ya suruali mpaka seli inakatika. Seli binti mbili zikabaki zimeunganishwa na kijiuzi chembamba, kikakatika baadaye, nazo zikajitandaza tena sakafuni.

Kule kusubiri ndiko mchoro wa kitabuni usikokuonyesha. Kromosomu isiyoshikwa vizuri inatoa ishara ya "bado", na ishara ya kromosomu moja inatosha kuzuia kazi yote. Seli binti ikizaliwa na kromosomu pungufu au ya ziada, mara nyingi haifanyi kazi sawasawa. Mjerumani Walther Flemming alichora hatua hizi kwa mkono, akatoa kitabu chake mwaka 1882. Alitumia seli za mabuu ya salamanda kwa sababu ni kubwa na zinapakwa rangi vizuri, na ndiye aliyelipa tendo hili jina la mitosisi, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Alizipanga hatua kwa mfuatano akiangalia seli zilizokufa, na baadhi zikiwa hai, bila kamera. Ninapomfikiria namvulia kofia.

Mwanao akiuliza seli inajuaje kwamba imeshafikia ukubwa wa kutosha, mwambie hapo watu walihangaika sana. Fununu ya kwanza nzuri ilitoka kwenye kuvu wadogo wa jamii ya hamira. Katika miaka ya 1970 huko Edinburgh, Paul Nurse aligundua kuvu waliokuwa wanajigawa kabla hawajafikia ukubwa wa kawaida. Walikuwa wazima, wanaishi vizuri, ila wafupi. Jeni moja, yaani agizo moja kwenye DNA, ilikuwa imeharibika, na kazi ya jeni hiyo ilikuwa kuchelewesha mgawanyiko mpaka seli itoshe. Mmarekani Leland Hartwell naye alikuwa amekusanya aina za hamira zinazokwama kila moja kwenye hatua yake. Mwaka 1982 Tim Hunt, akichunguza mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba kama nungunungu, aliona protini inayojikusanya kidogo kidogo na kutoweka ghafla kila yai linapojigawa, kisha inaanza kujikusanya upya. Akaiita saiklini. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Kinachonishangaza mpaka leo ni jaribio la maabara ya Nurse la mwaka 1987: walichukua jeni ya binadamu inayofanya kazi na saiklini, wakaiweka ndani ya kuvu ambaye yake imeharibika, na kuvu akaanza kujigawa kama kawaida. Sisi na kuvu tuliachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na bado kipuri kinaingia.

Katika seli zetu sehemu ya kipimo cha ukubwa ni rahisi kuliko nilivyotegemea. Kuna protini iitwayo Rb inayozuia seli isianze kunakili DNA. Seli inapokua, protini hii haiongezwi kwa kasi ile ile, kwa hiyo inazimuka, kama chumvi ile ile unapozidi kuiongezea maji. Ikizimuka vya kutosha, kizuizi kinalegea.

Turudi kwenye swali la mwanzo kabisa: kunenepa au kuongezeka? Kwa sehemu kubwa ni kuongezeka. Seli ya ini ya tembo na seli ya ini ya panya zinakaribiana ukubwa. Tembo anazo nyingi tu. Mtu mzima wa kilo 70 ana seli kama trilioni 30, nyingi zikiwa seli nyekundu za damu. Ukianza na moja na kuzidisha kwa mbili, unafika hapo kwa hatua kama 45. Mpe mwanao kikokotoo ajaribu mwenyewe, maana hakuna anayeamini mpaka abonyeze.

Mbona seli zisiwe kubwa tu, tupunguze kazi? Kwa sababu seli inakula na kupumua kupitia utando wake. Chukua mchemraba: ukizidisha upande wake kwa mbili, uso unaongezeka mara nne lakini ujazo unaongezeka mara nane. Midomo imeongezeka mara nne, matumbo mara nane. Zaidi ya hapo itakufa njaa katikati.

Zipo zinazokwepa sheria hii kwa kubadilisha umbo. Seli ya neva inayotoka uti wa mgongo kwenda kwenye kidole cha mguu ina mkia wa karibu mita moja, lakini mwembamba sana. Mtoto anaporefuka, neva hizo zinarefuka nazo bila kujigawa. Anayenyanyua vyuma, misuli yake inajaa hasa kwa nyuzi zilizopo kunenepa. Na mimea ina ujanja wake. Seli ya mmea imefungwa ndani ya ukuta mgumu, haiwezi kujibana kiuno, hivyo inajigawa kwa kujenga ukuta mpya kuanzia katikati kuelekea nje. Kisha kwa kiasi kikubwa inarefuka kwa kujaza maji kwenye mfuko wake wa ndani. Maji ni rahisi kuliko protini, ndiyo sababu mwanzi unaweza kurefuka kwa siku moja kuliko mtoto kwa miaka kadhaa.

Halafu kuna kisa ambacho kila nikikisimulia darasani kunakuwa kimya. Katika miaka ya 1940, Gerhard Fankhauser alichunguza salamanda waliozaliwa na seti za kromosomu zaidi ya kawaida, tatu au hata tano badala ya mbili. Seli zenye seti nyingi huwa kubwa. Ungetarajia salamanda awe mkubwa pia, sivyo? Alikuwa na ukubwa wa kawaida. Mwili ulitumia seli chache zaidi. Mirija ya figo ilikuwa na upana ule ule, ila pale ambapo kwa kawaida seli kadhaa huzunguka mrija, sasa zilitosha mbili tatu, hata moja iliyojikunja kuzunguka. Maana yake mwili hauhesabu seli. Unapima kiungo chenyewe, kisha unaacha kujenga kinapotosha.

Na hapo tumeshaingia kwenye swali la pili.

Bakteria anayeishi peke yake hana wa kumwomba ruhusa. Akipata chakula kizuri na joto zuri, aina ya E. coli inaweza kujigawa kila baada ya dakika 20. Kwake, chakula ndiyo ruhusa. Seli za mwili wako zinaogelea kwenye sukari na oksijeni mchana na usiku, lakini nyingi zao leo hazijigawi. Kwenye mwili wa seli nyingi chakula ni lazima ila hakitoshi. Inahitajika na amri kutoka kwa wenzake. Kama kuna jambo moja ningependa mwanao alishike, ni hili: seli yetu ikiachwa bila kuambiwa kitu, haijigawi.

Hili lilionekana wazi kwenye visahani vya maabara. Wape seli chumvi, sukari, vitamini na vijenzi vya protini, zitaishi lakini zitakaa tu. Ongeza majimaji ya damu, zinaanza kujigawa. Lakini sio majimaji yoyote. Miaka ya 1970 iligunduliwa kwamba majimaji yanayobaki baada ya damu kuganda yanafanya kazi vizuri, na majimaji ya damu isiyoganda hayasaidii sana. Damu ile ile! Tofauti ni chembe sahani, zile zinazoziba jeraha. Zinapogandisha damu zinamwaga kichochezi cha ukuaji kilichokuwa kimehifadhiwa ndani yake. Fikiria mantiki yake. Damu inaganda wapi? Penye kidonda. Na wapi panahitaji seli mpya? Hapo hapo. Amri inatolewa mahali pa kazi, na aliyekuja kuziba tundu ndiye anayeita mafundi.

Kichochezi hicho hakiingii ndani ya seli. Kinabisha hodi kwenye kipokezi juu ya utando, kipokezi kinapitisha habari ndani kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kwenye kiini, na huko jeni za kuanzisha mzunguko zinawashwa. Wakati huo huo seli inajiuliza kama chakula kipo. Kazi hiyo inasimamiwa na protini inayoitwa TOR, ambayo ilipata jina lake kwa njia ya ajabu: udongo uliochukuliwa Kisiwa cha Pasaka miaka ya 1960 ulikuwa na bakteria wanaotengeneza dawa iliyoitwa rapamisini, kwa jina la kienyeji la kisiwa hicho, Rapa Nui. Dawa hiyo ilizuia seli kukua, na protini iliyokuwa inazuiwa ikaitwa shabaha ya rapamisini. Amri na chakula vikikutana, seli inakua, inavuka kizingiti, na ikishakivuka haigeuki nyuma. Hata ukiondoa kichochezi, itamaliza mzunguko wake.

Je, nani anaziambia ziache? Kwanza, amri ya kujigawa isipoendelea kuletwa, seli inatulia yenyewe. Pili, seli zinagusana. Kwenye kisahani seli za kawaida zinajigawa mpaka zinajaza sakafu safu moja, kisha zinasimama. Ukikwangua mstari katikati, zile za ukingoni zinasogea na kujigawa mpaka pengo linazibika, halafu kimya. Ngozi iliyochanika inaziba kwa mtindo huo.

Ini ndilo mfano ninaoupenda. Seli za ini la mtu mzima hujigawa kwa nadra mno. Lakini mwaka 1931 watafiti wawili, Higgins na Anderson, walionyesha kwamba ukimwondolea panya theluthi mbili za ini lake, sehemu iliyobaki inakua na kurudi kwenye uzito wake ndani ya wiki moja hadi mbili. Kisha inasimama. Haipitilizi. Sehemu ya breki hiyo ilikuja kugunduliwa kwenye nzi wadogo wa matunda: jeni fulani ikiharibika, tishu zao zinaota kupita kiasi na kukunjamana kama ngozi ya kiboko, kwa hiyo wakaiita kwa jina la mnyama huyo. Sisi pia tunayo. Panya wa maabara ambao breki hii ilipitwa, ini lao liliota kutoka kama asilimia 5 ya uzito wa mwili mpaka asilimia 25, na breki iliporudishwa, ini likanywea tena.

Kunywea huko kuna maana seli zilikufa, na kwa mpango. Mwili hauzuii idadi kwa kuzima uzazi tu; pia unaziamuru baadhi zijiue. Vidole vyako vilipokuwa vinaundwa tumboni vilikuwa kama kasia, na seli za katikati zilijiua ndipo vikaachana. Kuna mnyoo mdogo mwenye urefu wa milimita moja, C. elegans, ambaye seli zake zimefuatiliwa moja moja kutoka yai hadi utu uzima. Mwilini mwake, ukiacha zile za uzazi, zinazaliwa seli 1090, na 131 zinajiua. Ni zile zile 131, kwa mnyoo baada ya mnyoo. Kwetu mapato na matumizi ni makubwa zaidi: kila siku mtu mzima hubadilisha seli kama bilioni 330, nyingi zikiwa za damu na za utando wa utumbo. Utando wa utumbo mwembamba unafanywa upya kila baada ya siku chache, seli nyekundu ya damu huishi kama siku 120, na zote mbili hutokana na seli shina zinazojigawa bila kuchoka, kwenye vishimo vya utumbo na ndani ya uboho wa mifupa.

Upande mwingine kuna moyo. Majaribio ya silaha za nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza angani kaboni ya aina ya 14. Kiasi chake kilipanda kisha kikashuka mwaka hadi mwaka, na DNA ya kila seli ilibeba alama ya mwaka iliponakiliwa. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walitumia alama hiyo kusoma umri wa seli za misuli ya moyo, wakakuta kijana wa miaka 25 anabadilisha kama asilimia 1 tu kwa mwaka, na mzee wa 75 chini ya nusu ya hapo. Ndiyo maana moyo ulioumia unabaki na kovu.

Kuna breki nyingine ya kuhesabu. Mwaka 1961 Leonard Hayflick alionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikioteshwa zinajigawa mara 40 hadi 60 hivi, kisha zinakoma. Ncha za kromosomu zinafupika kidogo kila zinaponakiliwa, na zikifupika mno seli inasimama. Seli za uzazi, na kwa kiasi fulani seli shina, zina kimeng'enya cha kurefusha ncha hizo.

Saratani nitaigusa kwa ufupi, maana mtoto ataiuliza. Ni seli iliyopoteza adabu hizi moja baada ya nyingine: inajipa amri yenyewe, haijali kuguswa, haikubali kujiua, imewasha kimeng'enya cha kurefusha ncha. Kosa moja kwa kawaida halitoshi, na ndiyo sababu nyingi hutokea uzeeni. Protini iitwayo p53 husimamisha seli yenye DNA iliyoharibika, au kuiamuru ife. Sisi tuna nakala mbili za jeni yake katika kila seli, moja ya mama na moja ya baba. Tembo wana takriban 20 kutoka kwa kila mzazi, na hiyo inatajwa kuwa sababu mojawapo ya tembo kutosumbuliwa na saratani kama ukubwa wa mwili wake ungefanya utarajie. Dawa nyingi za kemikali hulenga seli zinazojigawa, ila haziwezi kuchagua vizuri, kwa hiyo zinapiga pia vinyweleo, utumbo na uboho. Nywele zinadondoka kwa sababu shina la nywele ni moja ya sehemu zenye haraka kubwa mwilini.

Mwisho, mwonyeshe kwa macho. Otesha mbegu ya maharagwe kwenye karatasi yenye unyevu. Mzizi ukifikia sentimita mbili, ukaushe taratibu na uchore mistari midogo ya wino kuanzia nchani kwenda juu, kila milimita moja, kisha urudishe kwenye unyevu. Muulize kabla: mistari itaachana yote sawasawa? Kesho yake ataona iliyoachana ni ile ya karibu na ncha tu. Pale nchani kabisa ndipo seli zinapojigawa, zikiwa ndogo na zimesongamana. Juu kidogo yake, pale mistari ilipotawanyika, ndipo zinapojaza maji na kurefuka. Iliyo juu zaidi itakuwa pale pale alipoichora.